Kenge, Mbwa na Mizinga ya Bata

Pikipiki ilikuwa imeshaanza kutembea, mizinga miwili ya nyuki imefungwa nyuma kwa kamba za mpira, na Musembi amebanwa kati ya mizinga na dereva kama mzigo wa tatu. Hata hivyo alikuwa bado anaongea.

"Mwaitu, unanisikia?"

"Nakusikia, Baba!"

"Nyanya yako apelekewe unga. Mlango wa stoo ufungwe. Na kule silanga..." Pikipiki ikapiga shimo, Musembi akashika kofia. "Kule silanga usipande! Angalia ukiwa chini! Bata akizoea kuona uso wa mtu mlangoni ataacha mayai!"

"Sitapanda!" Nthenya alijibu huku akikimbia kando ya pikipiki, viatu vikirusha matope.

"Umesema?"

"Nimesema sitapanda!"

Dereva akaongeza moto. Wakapotea kwenye kona, wakielekea barabara kuu, na kutoka huko Kilungu, ambako kulikuwa na mtu aliyetaka kutundikiwa mizinga kwenye shamba lake la matunda. Musembi angerudi kazi ikiisha.

Nthenya alikuwa amepewa jina la mama yake Musembi. Ndiyo sababu baba yake alimwita mwaitu, yaani mama. Mtoto ambaye baba yake humwita mama huwa na mzigo wake. Anaachiwa mambo.

Na jambo aliloachiwa safari hii lilikuwa kubwa. Huku upande wa Kathonzweni, bwawa la udongo lililochimbwa na watu kuteka maji ya mvua linaitwa silanga. Zamani kando ya silanga yao kulikuwa na miti mikubwa, mizee, yenye mashimo ndani. Bata mwitu, wale ambao dume lake lina kinundu juu ya mdomo, walitaga kwenye mashimo hayo. Kisha miti ikaliwa na makaa. Mvua iliponyesha bata walikuja, wakazunguka juu ya maji, wakakosa mahali pa kulala, wakaondoka.

Musembi alikuwa na mizinga ya magogo ambayo nyuki waliikataa. Akaipanua midomo na kuitundika mtini kwa ajili ya bata. Msimu wa kwanza mayai yaliliwa, na hakuna aliyejua na nani. Msimu huu alifanya vingine. Alisimamisha nguzo mbili, moja karibu na ukuta wa udongo wa silanga, nyingine karibu na matete, akaweka mzinga juu ya kila nguzo. Katikati ya kila nguzo alizungushia bati laini. Wafuga nyuki hufanya hivyo ili nyegere, yule mwizi wa asali, ateleze na kuanguka.

Bata waliingia mizinga yote miwili! Watu walikuja na mitungi yao, wakasimama kutazama, wakasahau kuteka maji.

Lakini nguzo zilikuwa mali ya kamati ya maji, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Ngure. Huyu alikuwa mama wa duka la misumari na saruji pale sokoni. Alihamia na mumewe kutoka Nyeri zamani, akabaki. Alikasirika kwa Kikuyu, akacheka kwa Kikamba, na akahukumu kwa Kiswahili. Alikuwa amesema mbele ya wote, kwa Kiswahili: "Mbuzi wanachafua maji yetu kwa sababu hatuna ua. Msimu huu mayai yakiliwa tena, mizinga inashuka, na hizo nguzo zinaenda kwa ua. Nimemaliza."

Sasa unajua kwa nini Nthenya alikuwa halali vizuri.

*

Alishika neno la baba yake kwa muda. Kila asubuhi, likizo ilikuwa imeanza, alisimama chini ya nguzo ya ukutani na kukodoa macho. Bata jike alichomoa kichwa, akatazama kushoto na kulia kama mama mwenye nyumba anayevuka barabara, akaruka kwenda kula. Mzinga ukabaki mtupu. Na mayai yako humo ndani! Mangapi? Yana rangi gani?

"Kuchungulia si kupanda," Nthenya alijiambia.

Kwenye stoo ya baba yake kulikuwa na gogo la kukwea. Wafuga nyuki wanalijua: ni gogo refu, jembamba, lililochongwa vidato vya kuwekea mguu. Unaliegemeza kwenye mti, unapanda kama ngazi. Nthenya alilibeba begani hadi silanga, akaliegemeza kwenye nguzo, juu ya bati, akapanda.

Mayai yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo sana, yamelala ndani ya manyoya laini. Aligusa moja. Lilikuwa na joto! Moyo wake ulipiga hadi akalisikia gogo likitetemeka.

Kesho yake akapanda tena. Na siku iliyofuata. Kila mara akishuka aliliondoa gogo na kulificha kwenye matete.

Halafu ikafika asubuhi ambayo akiwa juu, alisikia jina lake likiitwa.

"Nthenya! Weee Nthenya! Nisaidie, mbuzi wameingia kwa mbaazi za watu!"

Alikuwa Nasteho, rafiki yake wa darasani. Baba yake Nasteho, Aftin, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na mbuzi wake wote walikunywa silanga hiyo. Mbuzi wa Aftin walikuwa na akili za shetani. Ukifukuza mmoja, watatu wanarudi nyuma yako.

Nthenya aliruka chini na kukimbia. Walifukuza mbuzi shamba zima, wakaanguka, wakacheka hadi mbavu zikauma. Mwenye mbaazi alikuja na fimbo, wakatoroka naye akiwatukana. Ilipofika jioni Nthenya alikuwa amechoka kabisa, amejaa upupu, na gogo la kukwea halikuwa kichwani mwake hata kidogo.

Lilikuwa limebaki kwenye nguzo.

*

Asubuhi alipofika silanga aliona ganda la yai kabla ya kuona kitu kingine. Kisha lingine. Manyoya laini yalikuwa yametapakaa juu ya matope, na mzinga ulikuwa umeinama upande mmoja. Bata jike alikuwa anazunguka juu ya maji akilia.

Chini ya nguzo alikuwa Bosi, mbwa wa jirani yao Kiema, akilamba ganda.

Lakini Nthenya hakumtazama Bosi sana. Alitazama matope. Kutoka majini ulitoka mstari mrefu, kama mtu aliyeburuta kamba nene, na pande zote mbili za mstari kulikuwa na alama za makucha. Mstari ulikwenda moja kwa moja hadi chini ya gogo la kukwea. Kwenye kidato cha kwanza kulikuwa na tope bichi. Na cha pili. Na cha tatu.

Kenge! Kenge wa majini alitoka silanga, akakuta ngazi imeegemezwa, akapanda kama mgeni aliyealikwa.

Sauti za watu zilisikika njiani, na mitungi ikigongana. Nthenya alilishika gogo, akaliburuta hadi kwenye matete, akarudi mbio, akaufuta ule mstari kwa miguu yake yote miwili. Alipoinua kichwa, Kiema alikuwa anateremka ukuta akipiga mluzi kumwita mbwa wake, na nyuma yake watu.

"Aiya! Mayai!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Mbwa amekula mayai!"

"Bosi? Hapana!" Kiema alikimbia akamshika mbwa shingoni. Alikuwa mvulana mrefu mwenye maneno mengi, lakini sasa alikuwa anayatafuta. "Bosi hajui kupanda mti. Mbwa gani anapanda mti?"

"Kwani anahitaji kupanda?" mtu akajibu. "Huyo anaruka! Siku ya soko si aliruka akashusha ini kwenye ndoano ya bucha?"

Watu walicheka. Ilikuwa kweli. Bosi aliruka ua wa shule kila siku ya kuchemshwa githeri. Hakukuwa na mbwa mwingine wa kuruka hivyo toka hapo mpaka Matiliku.

Mama Ngure alifika akihema, leso imefungwa kiunoni. Alitazama maganda, akatazama mbwa, akageuka.

"Nthenya, wewe ndiye ulifika wa kwanza. Uliona nani hapa?"

Nthenya alisugua miguu yake yenye tope kwenye majani.

"Nilimwona Bosi," akasema. "Alikuwa analamba."

Na kila neno hapo lilikuwa la kweli. Ndiyo maana uongo huo ulikuwa mbaya. Haukuwa na mahali pa kuushikia.

Kiema alimtazama. Nthenya angependa Kiema amtukane.

Mama Ngure alihukumu hapo hapo. Mbwa afungwe. Jumamosi mjomba wake Kiema, anayeuza nafaka, ampeleke Matiliku akalinde stoo huko. "Na kwa kuwa nilisema mayai yakiliwa, mizinga inashuka..." Akautazama mzinga wa pili kule kwenye matete. Bata jike wa pili alikuwa amechomoa kichwa, anawatazama. "Haya. Huyu bado amekalia mayai yake. Nitampa nafasi. Lakini huu ndio wa mwisho. Na ulindwe sawasawa! Leteni panga."

Kama kuna kitu watu wa nchi kavu wanajua kujenga, ni ua wa miiba. Zizi la ng'ombe ni miiba, shamba la mahindi ni miiba, kuku wakitaga vibaya wanazungushiwa miiba. Basi watu walikata matawi ya mgunga, wakayaburuta, wakayarundika kuizunguka nguzo ya pili. Wakayapandisha, wakayapandisha, mpaka rundo likafika mdomoni mwa mzinga.

"Sasa aruke tumwone!" mmoja akasema, akijifuta jasho.

Nthenya naye alibeba matawi. Alichomwa mikono yote, na alifurahi kuchomwa.

*

Hakula vizuri siku hizo. Nyanya yake alimwuliza kama ana minyoo. Kila alipopita kwa kina Kiema alisikia Bosi akilia kwenye kamba, na alizunguka njia ndefu ili asisikie.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, anga safi, vyura wakipiga kelele kama wanagombana. Nthenya alishuka silanga na mtungi. Nasteho alikuwa upande wa pili na mbuzi.

Ndipo alipoona kitu majini. Kichwa chembamba cheusi kilikuwa kinakata maji, na nyuma yake mstari ukifunguka kama zipu. Kilielekea kwenye matete.

Kenge alitoka majini polepole, mzito, akimeta. Alikuwa mrefu kuliko Nthenya mwenyewe. Alitoa ulimi uliopasuka, akaonja hewa. Akatembea hadi kwenye rundo la miiba, akaweka mguu wa mbele juu ya tawi. Akajaribu. Tawi likamshika. Akaweka mguu wa pili.

Nthenya aliganda. Bati! Bati liko wapi? Liko chini ya miiba! Baba yake alikuwa amelizungusha ili kitu kinachopanda kiteleze, na wao wamelifunika lote kwa matawi. Ngozi ya kenge haijali mwiba. Kijiji kizima kilikuwa kimeamka, kikachukua panga na kumjengea kenge ngazi, nzuri kuliko ile ya gogo, kwa sababu kilidhani mwizi ni mbwa.

"Nasteho!" alipiga kelele. "Kenge! Kenge anapanda!"

Alichukua jiwe, akatupa. Likampiga ubavuni. Kenge alijaza hewa, akapuliza fyuuu, akapiga mkia. Matawi yakavunjika. Akaendelea kupanda. Juu, bata jike alikuwa anapuliza naye, mabawa yakigonga kuta za mzinga.

Nasteho alifika akivuta buibui lake juu ya magoti. "Wallahi huyu ni mamba!"

"Si mamba! Mtupie mawe, usiache! Mimi namleta Bosi!"

"Bosi? Si ndiye mwizi wa mayai?"

"Si yeye!" Nthenya alikuwa tayari anakimbia. "Si yeye, Nasteho! Tupa!"

*

Kwa kina Kiema, mjomba alikuwa anapakia magunia. Kiema alikuwa amechuchumaa mbele ya Bosi na sahani ya ugali na maziwa, chakula cha kuagana, na macho yake yalikuwa mekundu. Alipomwona Nthenya alisimama.

"Umekuja kuangalia akifungwa kwa gari?"

"Kiema, mfungue. Kenge anapanda mzinga wa pili. Mfungue haraka!"

"Ati nini? Juzi alikuwa mwizi, leo ni askari?"

"Hakula mayai. Yalikuwa yameanguka, alilamba tu. Kenge ndiye aliyeyala, alipanda gogo langu. Nililiacha pale. Nikalificha. Nikafuta nyayo." Maneno yalitoka yote pamoja kama maji kwenye mtungi ulioanguka. "Nilijua toka mwanzo, Kiema. Nilijua."

Kiema alimkodolea macho. Mjomba aliacha gunia hewani.

"Rudia," Kiema akasema.

"Ni mimi. Si Bosi."

Kiema alifungua mdomo, na Nthenya alijua maneno yaliyokuwa yanakuja, na alijua anayastahili. Lakini Kiema aliufunga. Aliinama, akavuta fundo.

"Nitakutukana baadaye," akasema. "Bosi! Twende!"

Walikimbia watatu, mbwa mbele, sikio moja juu na moja chini. Bosi alikuwa amekaa kwenye kamba siku nyingi na miguu yake ilikuwa na deni la mbio. Kabla hawajashuka ukuta walimsikia Nasteho akipiga kelele kwa Kisomali, na mawe yakianguka majini.

Kenge alikuwa amefika juu. Kichwa chake kilikuwa kwenye mdomo wa mzinga. Bata jike alikuwa anamdonoa usoni, manyoya yanaruka.

"Shika, Bosi!"

Si ulisikia kuwa huyu mbwa anaruka? Aliruka! Aliruka kama siku ile ya ini, akavuka ukingo wa rundo la miiba, akaangukia juu ya matawi na kuukamata mkia. Kenge aligeuka, akapuliza, akapiga. Mbwa alilia. Rundo zima likayumba, kenge akateleza, mbwa akateleza, wote wawili wakabingirika hadi chini, na kenge akaingia majini kwa kishindo kilichowalowesha watoto wote watatu.

Bata jike aliruka kutoka mzingani, akaenda juu, juu, akapotelea nyuma ya ukuta.

"Ametoroka," Nasteho akasema polepole. "Akikataa kurudi?"

"Ondoeni miiba," Nthenya akasema. "Ondoeni yote, bati lionekane!"

Waliivuta kwa mikono mitupu. Bosi alikaa kando akilamba pua iliyopasuka.

"Nani amewaambia mbomoe ua wa kamati?"

Mama Ngure alikuwa amesimama juu ya ukuta, na nyuma yake watu waliosikia kelele. Maneno yaliyofuata yalikuwa ya Kikuyu. Kisha akaona mbwa. "Na huyu mfungwa amefunguliwa na nani?"

Kiema akamtazama Nthenya. Angeweza kujibu yeye mwenyewe. Alingoja.

Nthenya aliingia kwenye matete, maji yakafika magotini. Alitoka na gogo la kukwea, zito, likichuruza, akaliweka miguuni pa Mama Ngure.

"Hii ndiyo ngazi yangu, Mama Ngure. Nilikuwa ninachungulia mayai, na Baba alinikataza. Nikaisahau. Kenge akaipanda. Nyinyi mlipokuja nilikuwa nimeificha, na nyayo za kenge nilizifuta." Alinyoosha kidole kwenye matope, pale mstari mpya wa mkia ulipotoka majini. "Zilikuwa kama hizi."

Watu walishuka kutazama. Walifuata mstari kwa macho hadi kwenye rundo la miiba walilolijenga wenyewe. Mwanaume mmoja aliyekata matawi mengi kuliko wote alijikuna kichwa. Hakuna aliyecheka.

Mama Ngure alikaa juu ya mtungi wake. Alikaa kama mtu anayepiga hesabu ya duka. Kisha akainuka na kukaza leso.

"Panga iko wapi? Mnangoja nini? Toeni hii takataka!"

Miiba ilitoka. Bati likaonekana, likang'aa. Chini yake nguzo ilikuwa na mikwaruzo mingi, ya zamani na ya juzi, na yote iliishia pale bati lilipoanzia. Kenge alikuwa amejaribu mara nyingi, na mara zote bati lilimshinda, hadi walipomsaidia. Mama Ngure aliupitisha mkono wake juu ya mikwaruzo ile.

"Sasa kila mtu nyuma ya ukuta," akasema. "Na mdomo ufungwe. Wewe pia, Kiema, ingawa ni vigumu."

Walilala kifudifudi juu ya ukuta uliolowa, wakubwa kwa wadogo, wakitazama mzinga. Jua likapanda. Mbuzi wa Aftin wakaenda walikotaka. Mtoto mmoja akapiga chafya akafinywa.

Bata jike alikuja kutoka upande wa jua. Akazunguka mara ya kwanza, akapita. Akazunguka tena, akapita. Nthenya alikuwa ameuma kidole chake bila kujua. Mara ya tatu bata alishusha miguu, akagusa mdomo wa mzinga, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaingia.

Hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Mama Ngure alilia kidogo, akasema ni vumbi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

*

Musembi alirudi akaukuta mkutano mdogo chini ya nguzo, maana vifaranga vilikuwa vimeanguliwa na watu walikuwa wanavisikia. Nthenya alimweleza yote kabla hajavua kofia. Musembi alisikiliza, akalitazama gogo.

"Tutaongea nyumbani, mwaitu," akasema. Nthenya alijua maana yake.

Lakini hapo hapo bata jike akashuka majini na kuita. Mzingani kikatokea kichwa kidogo cha manjano na kahawia, si kikubwa kuliko kidole gumba. Kikatazama chini, mbali sana, ukiwa wewe ni kifaranga. Mama akaita tena. Kikaruka! Kilianguka kama pamba, kikadunda kwenye majani, kikainuka na kukimbilia majini.

"Yiii!" watu wote wakasema.

Cha pili, cha tatu, kisha wakaja kama wanasukumana mlangoni. Mmoja alikwama ukingoni, akaogopa, akarudi ndani, watu wakambembeleza kama mtoto wa kwao: "Njoo, njoo, usiogope!" Akaruka kinyumenyume. Kiema alicheka hadi akashika tumbo, na Nthenya alicheka naye, na hapo ndipo alipojua kwamba ametukanwa vya kutosha.

Mama Ngure aliwaita wote wawili, pamoja na Nasteho.

"Kiema, nilimhukumu mbwa wako bila kutazama chini. Nimekosa, na ninakuambia mbele ya hawa. Nthenya, sikia vizuri. Kusahau gogo si dhambi. Mimi nimesahau hata mtoto sokoni, muulize Ngure. Lakini ulipofuta zile nyayo, ulitufumba macho sisi wote. Tulifanya kazi kwa bidii, tukatoka damu, na kazi yenyewe ilikuwa ya kumsaidia mwizi. Kama ungesema ukweli siku ile ile, tungekukasirikia mpaka jioni, basi. Mtu akikosea, aseme mapema, ili wengine wajue wanapambana na nini. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama Ngure."

"Na hizo nguzo," akaongeza, akimgeukia Musembi, "zitabaki. Ongeza zingine, na bati nitatoa mimi. Ua wa mbuzi tutatafuta miti kwingine."

Mambo yalikwenda hivi baadaye. Katika vifaranga wale, wengine walichukuliwa na mwewe, na wengi wakakua wakaruka mvua ilipoisha. Bata walirudi msimu uliofuata, na mizinga ilikuwa mingi zaidi, yote na bati. Kenge bado anaishi silanga, anakula samaki na vyura, na hakuna aliyemdhuru. Bosi hakwenda Matiliku. Ana kovu puani na bado anaiba nyama, na mwenye bucha ameinua ndoano. Kiema yuko sekondari, bweni. Nasteho alihamia kwa shangazi yake mjini kusoma, na mbuzi wa baba yake bado wanaingia kwa mbaazi za watu. Mama Ngure ndiye mwenyekiti mpaka leo. Nthenya alipasua kuni za nyanya yake likizo ile yote, kisha baba yake akamfundisha kutundika mizinga. Gogo la kukwea linalala stoo. Akimaliza kulitumia huliweka chini kabla ya kufanya lolote.